Uliza Fizikia: Pakiti za nyutrino, magita mawili, na kwa nini mwalimu wako alikudanganya kidogo

Toleo lililopita niliandika kwamba nyutrino hubadilika ikiwa njiani, inaondoka ikiwa ya miuoni inafika ikiwa ya elektroni au ya tau, nikaweka na fomula, alafu mwishoni nikachomekea kasentensi kamoja tu kwamba namna fomula ile inavyopatikana darasani ina walakini, na ukitaka kuiweka sawa inabidi utumie pakiti za mawimbi. Kumbe nimechokoza mzinga. Meseji zimemiminika mpaka simu ikawa inaganda, wengine wanauliza kwa upole, wengine wananilaumu kwamba nimewakosesha usingizi na mtihani uko karibu. Basi safu yote ya leo ni hiyo hiyo, nimechukua maswali sita, mengine nimeyaunganisha manake yalikuwa yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti.

Kwa ambaye toleo lile limempita: nyutrino ni chembe isiyo na chaji na nyepesi ajabu, ziko za ladha tatu (ndo wanafizikia wanavyoziita, si mimi), ya elektroni, ya miuoni na ya tau (miuoni na tau ni ndugu wazito wa elektroni). Za jua peke yake zinapita kama bilioni 65 kila sekunde kwenye eneo la sentimita mraba moja, yaani ukucha wako wa dole gumba, na hujisikii chochote. Mwaka 1998 tangi la Super-Kamiokande kule Japani, tani 50,000 za maji chini ya mlima, lilionyesha nyutrino za miuoni zinazotokea upande wa pili wa dunia zinapungua njiani. Miaka michache baadaye maabara ya SNO huko Sudbury, Kanada, ikaonyesha za jua hazipotei, zinabadilika ladha. Takaaki Kajita na Arthur McDonald wakachukua Nobeli 2015. Twende.

Mwalimu shikamoo. Umesema ya miuoni inageuka ya elektroni. Hizo mbili si zina uzito tofauti? Sasa huo uzito unaozidi au kupungua unaenda wapi, si sheria ya nishati imevunjwa? (Mwanafunzi wa fom siksi, Morogoro)

Marahaba. Hapa kosa ni langu, toleo lililopita nilitumia mfano wa viungo vya pilau na leo naufuta hadharani. Kwenye pilau ukitaka ladha ibadilike lazima uongeze mdalasini au upunguze bizari, na watu wengi wameelewa kwamba nyutrino nayo inaongezewa kitu njiani. Haiongezewi.

Ladha siyo masi. Masi (sokoni tunaita uzito, sawa tu) ziko tatu, tuziite ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hakuna ladha hata moja yenye masi moja iliyonyooka. Nyutrino ya elektroni ni mchanganyiko wa masi zote tatu, ya miuoni ni mchanganyiko wa zile zile tatu kwa mpangilio mwingine. Ikiwa safarini kiasi cha kila masi hakibadiliki hata chembe, kinachobadilika ni fezi, yaani wimbi la masi ya kwanza na wimbi la masi ya pili yanaacha kupanda na kushuka pamoja. Ukikutana nazo mbele zikiwa zimepishana fezi, mchanganyiko ule ule unasomeka kama ladha nyingine. Kwa hiyo nishati haijaibiwa na mtu.

Mimi ni mpiga gita wa bendi. Nikitaka kutyuni nyuzi mbili zinazokaribiana nasikia sauti inapanda inashuka, wuu-wuu-wuu, na zikizidi kukaribiana ile wuu inakuwa ya polepole. Nimesoma safu yako nikasema huyu anaongelea gita langu. Ni kweli au nimejipa umuhimu? (Mpiga solo, Bukavu)

Kaka umemaliza kila kitu, ingekuwa haki safu hii uandike wewe. Ni hiyo hiyo kabisa. Nyuzi mbili, nota mbili zinazokaribiana, na ile wuu-wuu haimo kwenye uzi wa kwanza wala wa pili, imo kwenye tofauti yao. Kwenye nyutrino wuu-wuu ni kubadilika ladha, na tofauti yenyewe inapimwa kwa tofauti ya masi mbili zikiwa zimezidishwa kwa zenyewe, halafu unaigawa kwa nishati. Fomula ya toleo lililopita ndo inasema hivyo: chukua 1.27, zidisha kwa tofauti ya masi za kipeo cha pili kwa elektronivolti (kipimo kidogo mno cha nishati, na masi nazo hupimwa nacho; mega ni milioni, giga ni bilioni), zidisha kwa umbali kwa kilomita, gawa kwa nishati kwa giga-elektronivolti. Ukitaka kuijaribu chukua mradi wa T2K wa Japani, nyutrino zinarushwa kutoka Tokai zinapokelewa Kamioka, kwenye lile tangi la Super-Kamiokande, kilomita 295, nishati ni kama 0.6, tofauti ni kama 0.0025. Piga kwenye kikokotoo cha simu utapata karibu 1.56, ambayo ni nusu ya pai, maana yake pale ndo mahali wuu imefika kileleni. Hawakuchagua nishati ile kwa bahati, walitaka tangi liwe pale pale inapopanda.

Sasa nikuulize na mimi, manake ndo mlango wa mambo yote ya leo. Ukigusa uzi wa kwanza ukauzima haraka, tik!, halafu baada ya sekunde mbili ukagusa wa pili, tik!, utasikia wuu-wuu? Husikii. Umesikia tik mbili. Ili wuu itokee lazima sauti zote mbili ziwe hewani kwa wakati mmoja, sikioni kwako, zimelaliana. Hiyo tik fupi ndo ninayoiita pakiti ya mawimbi, wimbi lenye mwanzo na mwisho, halijaenea kutoka milele mpaka milele.

Na wewe mwanamuziki unalijua jambo la pili bila kuambiwa: nota ukiivuta ndefu mtu anaweza kukwambia hii ni la au ni si, lakini ngoma ikigongwa du! mara moja fupi, hebu niambie ni nota gani. Huwezi, imebeba nota nyingi kwa mpigo. Fupi haina nota ya uhakika, yenye nota ya uhakika haiwezi kuwa fupi. Wanafunzi wa fizikia wanaijua kama kanuni ya Heisenberg na wanaiogopa, wewe unaipiga kila Jumamosi.

Mwalimu, mhadhiri wetu amefika kwenye fomula kwa kudhani masi zote tatu zina momenta (kiasi cha mwendo) sawa. Nikasoma kitabu kingine wao wanadhani zina nishati sawa. Jibu linatoka lile lile. Nani mwongo? Halafu kama momenta ni ya uhakika kabisa si ina maana kwa Heisenberg nyutrino iko kila mahali, sasa huo umbali L tunaupima kutoka wapi? (Mwaka wa tatu, Dodoma)

Hili ndo swali lililokuja mara nyingi kuliko yote, na nafurahi mno kwa sababu mimi nilifundishwa hivyo hivyo chuoni, nikakariri, nikapata alama zangu nzuri, wala sikuuliza.

Wote wawili wanadanganya kidogo. Chukua nyutrino nyingi za maabara, zinatoka kwa payoni, chembe ya muda mfupi inayovunjika kuwa miuoni na nyutrino. Ukiandika sheria ya nishati na ya momenta kwa uaminifu, kila masi inapata nishati yake na momenta yake, hazilingani nishati wala momenta. Na hata kama ungebahatika zikalingana momenta, panda gari lenye spidi kubwa uangalie tukio lile lile ukiwa ndani ya gari, zitakuwa hazilingani tena, kwa hiyo "momenta sawa" haiwezi kuwa sheria ya asili, ni chaguo la mtu aliyetaka kumaliza hesabu kabla kengele haijalia.

Swali lako la pili ndo kali zaidi. Wimbi lenye momenta moja kamili halina mwanzo wala mwisho, limejaa ulimwengu mzima. Halina mahali lilipozaliwa. Hapo kitabu kinafanya kiini macho, kinaandika fezi kwa muda t, halafu mstari unaofuata kinasema "kwa kuwa nyutrino inaenda karibu na spidi ya mwanga tuweke t sawa na L". Lakini kitu kilichojaa kila mahali hakiendi popote! Umeruka kutoka wimbi kwenda risasi katikati ya mstari na hakuna aliyekusimamisha.

Namna ya haki ni hii. Nyutrino inazaliwa mahali fulani, kwa muda fulani. Payoni ina uhai wa wastani wa nanosekunde 26 ikiwa imetulia. Kwenye kinu cha nyuklia mzazi ni kiini kilichobanwa ndani ya fimbo ya fueli, kinagongwagongwa na atomu za jirani, hakiachwi atoe wimbi lake kwa raha zake. Muda ambao mzazi anatoa wimbi bila kusumbuliwa ndo unaamua urefu wa pakiti. Pakiti ikiwa na urefu fulani, basi nishati na momenta zake nazo zina upana, siyo namba moja, na ndani ya upana huo masi zote tatu zinaenea bila ugomvi. Kila masi inapewa pakiti yake, pakiti tatu zimelaliana mwanzoni, kila moja na spidi yake.

Fezi kati ya masi mbili ni tofauti ya nishati mara muda, toa tofauti ya momenta mara umbali. Sasa angalia uzuri wake. Tofauti ya nishati na tofauti ya momenta zimefungwa pamoja kupitia masi, na ukizibadilisha ndani ya mlinganyo unapata vipande viwili: kimoja ni kile kile cha fomula, tofauti ya masi za kipeo cha pili mara L gawa kwa nishati mara mbili, na cha pili kina tofauti ya momenta (au ya nishati, ukitaka) iliyozidishwa na umbali wako kutoka katikati ya pakiti. Hicho cha pili hakiwezi kuwa kikubwa, kwa sababu ukitoka nje ya pakiti hakuna nyutrino, na ndani ya pakiti kinabaki kidogo mradi pakiti ni fupi sana ukilinganisha na urefu wa wuu moja. Kwa hiyo aliyedhani momenta sawa na aliyedhani nishati sawa wote wanafika mahali pamoja, kwa sababu kile walichokidhani kimo kwenye kipande kinachokufa chenyewe. Walipata jibu kwa bahati yenye sababu.

Historia kidogo kwa anayependa: wazo la nyutrino kubadilika lilitolewa na Bruno Pontecorvo mwaka 1957, mchanganyiko wa ladha ukaandikwa na Maki, Nakagawa na Sakata 1962, mwaka 1976 Shmuel Nussinov akaonyesha kwamba pakiti zinaweza kuachana njiani, na 1981 Boris Kayser akaandika makala ambayo mimi nadhani kila mhadhiri angeisoma kabla ya kushika chaki. Alichosema Kayser ni kwamba ukijaribu kuwa mjanja, ukapima nishati na momenta ya kila kitu kwa usahihi mpaka ukajua ni masi ipi imetoka, basi kwa Heisenberg umepoteza mahali nyutrino ilipozaliwa, kosa lako la mahali linakuwa kubwa kuliko urefu wa wuu moja, na wuu yote inafutika. Ama ujue masi ama uone mabadiliko ya ladha. Vyote viwili kwa pamoja huvipati.

Kama kila masi ina spidi yake si ina maana huko mbele zitaachana? Yaani nyutrino za jua zinapofika kwetu bado zinabadilikabadilika au zishachoka? (Dereva wa daladala ninayependa sayansi, Mbagala)

Dereva, swali hili ni lako kwa kazi. Daladala mbili zimetoka stendi pamoja bampa kwa bampa, moja inakwenda haraka kidogo tu kuliko nyenzake. Mtaa wa kwanza huoni tofauti, wa pili huoni, lakini barabara ikiwa ndefu vya kutosha iko siku hazionani. Zikishaachana zaidi ya urefu wa pakiti hakuna tena kulaliana, ni zile tik mbili za mpiga solo wetu, na wuu-wuu imekwisha.

Tupige hesabu, ni nzuri sana hii. Tofauti ya spidi, ukihesabu kwa spidi ya mwanga, ni tofauti ya masi za kipeo cha pili gawa kwa nishati ya kipeo cha pili mara mbili. Nyutrino ya kinu cha nyuklia yenye mega-elektronivolti 4, ukitumia ile 0.0025, inatoka kama 8 gawa kwa 1 yenye sifuri 17. Ndogo mno. Baada ya kilomita 2 pakiti zimeachana kama pikomita 0.16, na pikomita ni milimita moja uliyoigawa mara bilioni. Atomu ya haidrojeni nusu kipenyo chake ni pikomita 53. Kwa hiyo hapo bado wako bampa kwa bampa.

Njoo kwenye jua. Umbali ni kilomita milioni 150, chukua nyutrino ya mega-elektronivolti 1 na tofauti ndogo ya masi, ile ya 0.000075 (masi zikiwa tatu tofauti ziko mbili, kubwa ndo ile 0.0025). Zinafika zimeachana kama maikromita 5 na nusu, na pakiti zinazotoka kwenye moto ule wa katikati ya jua, ambako kila kiini kinagongwa bila kupumzika, ni fupi mno kuliko hapo. Zimeachana kitambo, na nyutrino za jua zinapofika kwetu hazipandi wala hazishuki, zinafika kama masi zilizotengana na sisi tunapima uwiano tu. Wala usidhani ni pakiti peke yake ndo imefuta wuu, hata bila hiyo nyutrino za jua zina nishati mchanganyiko na jua lenyewe ni kubwa, ukizijumlisha wuu za kila aina zinafutana. Matokeo kwa macho ni yale yale, na ndo maana kugundua mtengano wa pakiti kwenye jua moja kwa moja haiwezekani, hujui umfunge nani.

Tena kuna kituko. Zile za jua zenye nishati kubwa, za boroni-8, ambazo SNO ilizipima, kwa sababu ya wingi wa elektroni ndani ya jua zinatoka juani zikiwa karibu zote ni masi ya pili tupu. Gita lenye uzi mmoja. Hakuna wuu hapo tangu mwanzo, ladha ilibadilika polepole ndani ya jua na siyo kwa kupanda na kushuka njiani. Lakini tamko la Nobeli 2015 linasema wamegundua "oskilesheni" za nyutrino, yaani huko kupanda na kushuka, wote wawili. Kwa Kajita ni sawa kabisa. Kwa SNO mkali wa maneno anaweza kubisha, na wapo waliobisha kwenye majarida. Nobeli yenyewe hakuna anayeigombania, wameistahili.

Mfano wa mbali zaidi ni ile nyota iliyolipuka, mwanga na nyutrino zake vikatufikia tarehe 23 Februari 1987, kutoka Wingu Kubwa la Magellan, kama miaka ya mwanga 168,000. Vigunduzi vitatu, Kamiokande ya Japani, IMB ya Marekani na Baksan ya Urusi ya Kisovieti, kwa jumla vilikamata kama nyutrino 24 tu. Kwa nyutrino ya mega-elektronivolti 10, ukitumia ile 0.0025, mtengano unafika kama kilomita 20. Dereva, kilomita 20 na foleni ya Mbagala unajua mwenyewe ni saa ngapi, ila kwao ni chini ya sehemu elfu moja ya sekunde.

Mpiga solo asije akalalamika, kuna kipengele nilikiruka. Zile tik mbili zikigonga chumba chenye mwangwi, tik ya kwanza bado inavuma ya pili ikaingia, wuu unaweza kuisikia tena! Na kwenye nyutrino iko hivyo kwa nadharia: kigunduzi kikipima nishati kwa usahihi mkubwa mno, kwa Heisenberg kinahitaji muda mrefu wa kupokea, na ndani ya muda huo pakiti zote mbili zinakuwa zimeingia, wanakutana ndani ya kigunduzi kama watu waliopishana njiani wakakutana msibani. Kwa hiyo "urefu wa pakiti" unaohesabika ni wa mzazi na wa kigunduzi kwa pamoja. Watu wengi husahau nusu hii ya pili.

Mbona elektroni haigeuki kuwa miuoni? (Meseji fupi kutoka Kigoma, haina jina)

Fupi lakini nzito. Masi ya elektroni ni mega-elektronivolti 0.511, ya miuoni ni 105.7. Tofauti ni kubwa mno, hakuna upana wa pakiti wa kawaida unaoweza kuzificha zote mbili, asili inajua mara moja nani ametoka. Na hata ukilazimisha mchanganyiko uwepo, spidi zao zinapishana sana hivyo zingeachana papo hapo. Kingine, elektroni na miuoni tumezipa majina kwa masi zao, wakati nyutrino tumezipa majina kwa marafiki waliozaliwa nao, elektroni, miuoni au tau. Ubishi mwingi wa mtaani unaanzia kwenye majina.

Sawa mwalimu, maneno tumeyasikia. Hiyo pakiti ina ukubwa gani kwa rula? Kuna mtu ameipima au ni hesabu za ubaoni tu? (Mhudumu wa maabara, Mombasa)

Hapa mkono ndo unatoka jasho. Kwa miaka mingi ilikuwa ubaoni tu, na kila mwandishi ana namba yake, mmoja anasema pakiti ni kubwa kama kiini cha atomu, mwingine kama nafasi kati ya atomu na atomu, mwingine zaidi ya hapo, inategemea nani amemsumbua mzazi.

Daya Bay, China, ndo walijaribu kwa data. Walikuwa na vinu sita na vigunduzi vinane, vya mbali viko karibu kilomita 2. Hoja yao ni rahisi, pakiti ingekuwa fupi sana, wuu ingeanza kufifia kwa vigunduzi vya mbali, fomula ya kawaida isingekaa vizuri. Ikakaa vizuri. Kwa hiyo pakiti haiwezi kuwa fupi kuliko sentimita moja gawa kwa 1 yenye sifuri 11, ambayo ni pikomita 0.1. Linganisha na ile 0.16 niliyompigia dereva, unaona namba zinapeana mkono. Upande wa juu walichoweza kusema ni kwamba haizidi vipimo vya kinu na kigunduzi, yaani mita kadhaa. Kutoka pikomita 0.1 mpaka mita ni tarakimu 13! Ni kama fundi cherehani umemuuliza suruali itakuwa ndefu kiasi gani akakujibu kati ya milimita 1 na kilomita milioni 10. Hajadanganya.

Mwaka 2025 jarida la Nature likatoa matokeo ya mradi unaoitwa BeEST, huu naupenda kwa sababu hawakuigusa nyutrino kabisa. Walichukua beriliamu-7 wakaipandikiza ndani ya kihisi cha metali kilichopozwa karibu na sifuri halisi ya joto. Beriliamu inameza elektroni yake mwenyewe, inageuka lithiamu-7, inatema nyutrino moja. Kama gobole linavyomsukuma mpigaji bega, lithiamu inarudi nyuma kwa nishati ya kama elektronivolti 57, na kihisi kinapima msukumo huo kwa usahihi mkubwa. Upana wa ile nishati ukiwa mwembamba, Heisenberg anakulazimisha ukubali kwamba mahali pake hapajulikani kwa upana fulani. Wakapata angalau pikomita 6.2, zaidi ya mara elfu moja ya kiini chenyewe. Wale waliokuwa wanasema pakiti ni saizi ya kiini, wakae kitako. Ila angalia nisikuuzie mbuzi kwenye gunia: 6.2 ni ya lithiamu, pacha wake nyutrino, na kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwingine kuna hatua za hesabu zinazobishaniwa, tena ni kikomo cha chini, pakiti inaweza kuwa kubwa zaidi ya hapo sana tu.

Macho sasa yako JUNO, mkoa wa Guangdong, tangi la tani 20,000 za kimiminika kinachotoa mwanga, mita 700 chini ya ardhi, kilomita 53 kutoka vinu vya Yangjiang na Taishan, limeanza kukusanya data Agosti 2025. Kazi yake kubwa ni kujua kati ya masi tatu ipi ni nzito kuliko ipi, na ili ijue lazima ione vijiwimbi vidogovidogo vya ile tofauti kubwa ya masi vikiwa vimepanda juu ya wimbi kubwa la polepole. Rudia hesabu ya dereva kwa kilomita 53: kwa mega-elektronivolti 4 pakiti zinaachana kama pikomita 4, kwa mega-elektronivolti 2 zinafika 16, kwa sababu nishati iko chini kwa kipeo cha pili. Kwa hiyo mhudumu wangu wa Mombasa, siku grafu ya JUNO ikitoka na mistari yake mingi usianze kuangalia katikati ambako kila mtu anaangalia, angalia upande wa kushoto kwenye nishati ndogo, pakiti za vinuni zikiwa za pikomita chache tu basi vijiwimbi vitaanza kufifia huko kwanza.